Wakili wa Mtaani Anapoitwa Wadini: Jibu kwa Msomaji wa Donholm

Swali la msomaji: "Salamu, wakili. Nina umri wa miaka 38 na nimekuwa wakili kwa miaka 11. Ofisi yangu iko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa, hapa Donholm, Nairobi, na kazi yangu kubwa ni mikataba ya ardhi, mirathi, na ugomvi wa wapangaji na wenye nyumba. Wazee wa chama chetu cha wakazi wameniomba niwanie kiti cha uwakilishi wadi mwaka 2027. Mke wangu ananiambia kwamba mshika mbili moja humponyoka, na kwamba mimi zitaniponyoka zote mbili. Je, nikishinda nitaruhusiwa kuendelea na uwakili? Mawakili waliotangulia katika njia hii waliishia wapi? Na bango la ofisi yangu, lenye jina langu, nilifanyie nini wakati wa kampeni?"

Wakili mwenzangu, nimelisoma swali lako mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilihisi kana kwamba nimeliandika mwenyewe. Niliketi katika bunge la kaunti ya Nairobi tangu mwaka 2013 hadi 2017, nikiwakilisha wadi moja ya Eastlands, nikashindwa katika kura ya mchujo ya chama, nikarudi kwenye meza yangu ya uwakili, ambako nipo hadi leo. Kwa hiyo nakujibu nikiwa mtu aliyetoka akarudi, na jibu langu ni kwamba mkeo amekosea kuhusu sheria lakini hakukosea kuhusu mawakili. Sheria haikulazimishi uchague kati ya ofisi na kiti. Kinachotuponza ni kwamba wengi wetu hupanga kampeni kwanza na ofisi baadaye, ilhali ofisi ndiyo inayopaswa kupangwa kwanza, kwa namna ambayo mtu anayejua kwamba hatakuwepo kwa miaka mitano, na kwamba baada ya hapo huenda akarudi akiwa mikono mitupu, angeipanga.

Ni vyema kwanza ujiulize kilichowafanya wazee wakufuate wewe badala ya kumfuata mfanyabiashara mwenye malori manne. Wakili wa Upper Hill, kwenye maofisi makubwa, humjua mteja wake kwa namba ya faili. Wewe unamjua wako kwa jina la kifungua mimba wake, unajua amechelewesha kodi ya nyumba kwa miezi mingapi, na unajua kwamba shamba aliloachiwa na baba yake lina majina ya wake wawili ambao hawasemezani. Katika ofisi yangu ya zamani kulikuwa na benchi la mbao nje ya mlango, na kila Jumamosi lilikuwa limejaa kabla ya saa mbili asubuhi. Siku moja alikuja mzee na mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo matatu, enzi hizo mifuko hiyo ikiwa haijapigwa marufuku. Ndani mlikuwa na barua ya ugawaji wa ploti, risiti za kampuni ya kununua mashamba zilizofifia wino, nakala ya kitambulisho, na picha ya harusi ambayo sikuelewa imefuata nini humo. Hakuwa na kesi. Alitaka mtu amsomee ile barua kwa sauti, polepole, na nilipomaliza akaniuliza: "Kwa hivyo mimi ni mwenye ardhi au ni mwenye barua?"

Swali hilo bado linaulizwa mashariki mwa jiji, hata baada ya mfumo wa mtandaoni wa Ardhisasa kuzinduliwa Aprili 2021 na kumbukumbu za ardhi za Nairobi kuanza kuhamishiwa humo. Mwenye kulijibu kwa uaminifu, Jumamosi baada ya Jumamosi, bila kumtoza mzee ada ya kusomewa, ndiye ambaye siku moja wazee humjia na ombi kama ulilojiwa nalo. Jua basi kwamba mtaji wako wa kisiasa ni uaminifu wa makaratasi. Nitaurudia mtaji huu hapa chini, kwa kuwa ndio utakaokuwa wa kwanza kutafunwa.

Kuhusu waliotangulia, njia hii ni ya zamani kuliko kaunti zenyewe. Unapopita Hurlingham kwenye barabara ya Argwings Kodhek, unapita juu ya jina la mmoja wa mawakili Waafrika wa kwanza nchini, ambaye aliwatetea washtakiwa wa wakati wa Hali ya Hatari ya enzi za ukoloni, akaunda chama cha Nairobi District African Congress katikati ya miaka ya 1950 wakati Waafrika hawakuruhusiwa kuwa na chama cha nchi nzima, kisha mwaka 1957 akawania kiti cha Nairobi na kushindwa na Tom Mboya, ambaye hakuwa wakili bali mtu wa vyama vya wafanyakazi. Hapo pana funzo ambalo mawakili hatulipendi: jiji hili liliwahi kupewa wakili na mpanga watu siku moja, nalo likamchagua mpanga watu. Argwings-Kodhek hakuishia hapo. Baadaye aliingia Bungeni kupitia eneo bunge la Gem na kuwa waziri, hadi alipofariki Januari 1969. Fitz de Souza, aliyekuwa miongoni mwa mawakili wa utetezi katika kesi ya Kapenguria ya akina Jomo Kenyatta, alikuja kuwa naibu spika wa Bunge. Siku hizi seneta wa Nairobi aliyechaguliwa mwaka 2022, Edwin Sifuna, ni wakili, na gavana wa Siaya, James Orengo, alikuwa wakili na mbunge kabla wengi wa wapiga kura wa leo hawajazaliwa. Lakini hao ni wa ngazi za juu. Kwenye wadi, jina la wakili halitoki nje ya mtaa, na historia yake huandikwa kwenye mitaro iliyozibuliwa au isiyozibuliwa.

Kabla ya mwaka 2013 kiti hiki kilikuwa cha diwani, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, na wazee wa Makadara na Jericho bado huniita "kansola" wakinitania. Katiba ya 2010 ililibadilisha jina, lakini pia iliibadilisha kazi: diwani alikuwa sehemu ya baraza lililotunga sheria ndogondogo na papo hapo kuendesha shughuli za jiji, ilhali mwakilishi wadi ni mtunga sheria na msimamizi ambaye mikono yake imeondolewa kwenye utekelezaji. Wananchi wengi hawajaipokea tofauti hiyo, na sidhani kama tumewasaidia kuipokea.

Masharti ya kuwania hayatakusumbua, kwa hiyo nayapitia upesi. Kifungu cha 193 cha Katiba kinataka uwe mpiga kura aliyesajiliwa, uwe umetimiza mahitaji ya elimu na maadili, na uteuliwe na chama au, ukiwa mgombea huru, uungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 500 wa wadi hiyo. Sharti la shahada kwa wawakilishi wadi lilitupiliwa mbali na Mahakama Kuu Oktoba 2021, na wewe shahada unayo. Ada ya Tume ya Uchaguzi na Mipaka kwa kiti hiki imekuwa shilingi 5,000, na nusu yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ukitaka kuwa mgombea huru, hakikisha hujakuwa mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya kura, na ulithibitishe jambo hilo kwa Msajili wa Vyama vya Kisiasa mwenyewe, kwani kuna watu ambao hugundua wamesajiliwa katika vyama ambavyo hawajawahi hata kuvisikia. Uchaguzi utakuwa Jumanne ya pili ya Agosti, yaani tarehe 10 Agosti 2027, na Sheria ya Uchaguzi inamkataza mwenye nia ya kuwania kushiriki michango ya hadhara katika miezi minane inayotangulia. Hesabu mwenyewe: baada ya tarehe 10 Desemba 2026, kanisa likikuita uwe mgeni wa heshima kwenye harambee ya paa, jibu lako la kisheria ni hapana, hata kama aliyekualika ni shemeji yako.

Kampeni ndiyo itakayokufundisha kwamba elimu yako ya sheria haina thamani uliyoidhania. Nakumbuka mkutano mmoja kando ya soko, jua la saa nane, ambapo akina mama waliniuliza nitawafanyia nini kuhusu kituo cha polisi, kuhusu karo ya shule ya upili, na kuhusu bei ya umeme. Nami, kwa uaminifu wa mtu aliyesoma, nikaanza kuwaeleza Jedwali la Nne la Katiba: kwamba polisi, shule za upili na umeme ni za serikali ya kitaifa, na kwamba kaunti ina masoko, leseni za biashara, zahanati, maji na usafi, barabara za kaunti, taa za mitaani, maegesho, shule za chekechea na huduma ya zimamoto. Nilieleza vizuri. Nilipomaliza, mama mmoja wa mboga akasema, bila ukali wowote: "Asante wakili, umetueleza vizuri sana kwa nini hutaweza." Umati ukacheka, nami nikacheka nao, lakini usiku sikulala. Tangu siku hiyo nilianza na kile kinachowezekana, yaani choo cha soko, taa tatu za njia ya kituo cha matatu na mtaro wa nyuma ya shule ya chekechea, kisha nikayaacha yale mengine yaulizwe na mwenye kutaka kuuliza. Sikudanganya mtu. Nilichoacha ni tabia ya kuwasilisha hoja za upande wa mshtakiwa kabla sijashtakiwa.

Sasa niingie kwenye fedha, na hapa naomba unisome polepole. Ofisi ya wakili wa mtaani ina jambo moja ambalo ofisi ya mwenye malori manne haina: akaunti ya wateja. Wiki mbili kabla ya mchujo wangu wa kwanza, akaunti hiyo ilikuwa na amana ya mwalimu mmoja aliyekuwa akinunua ploti, asilimia kumi ya bei, ikisubiri muuzaji apate hati ya kukamilisha mauzo. Mimi nilikuwa ninadaiwa na mwenye magari ya vipaza sauti, na mpiga chapa wa mabango, na mawakala walitaka nauli. Ile fedha ilikuwepo pale, imetulia, na nilijua kwamba haitahitajika kwa angalau mwezi mmoja. Sikuigusa, wala sisemi hivyo ili kujisifu, maana kilichonizuia ni karani wangu wa hesabu, mwanamke mnyamavu ambaye alifunga kitabu cha hundi kwenye droo na kuondoka na ufunguo Ijumaa jioni bila kuniaga. Namjua wakili mwingine, mtu mwema, ambaye karani wake hakuondoka na ufunguo. Alishinda uchaguzi, akashindwa kurudisha, na mlalamishi hakwenda kwa Tume ya Maadili wala kwa chama chake cha siasa, bali alikwenda moja kwa moja kwenye mahakama ya nidhamu ya mawakili. Alibaki mheshimiwa kwa miaka miwili mingine baada ya jina lake kuondolewa kwenye orodha ya mawakili, na watu wale wale wa benchi la Jumamosi ndio walioisambaza habari.

Sheria ya Ufadhili wa Kampeni ilipitishwa mwaka 2013 ili kuweka mipaka ya matumizi, lakini mipaka hiyo haikutumika mwaka 2017 wala 2022, kwa hiyo usitarajie kwamba sheria itakukinga na mshindani anayemwaga fedha. Jiwekee kikomo chako mwenyewe, ukiandike, ukiweke mkononi mwa mkeo, na kabla ya kutangaza nia yako umkabidhi mtu mwingine mamlaka ya kutia saini kwenye akaunti ya wateja.

Tuseme umeshinda. Kazi yenyewe imeelezwa na kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, ambacho napendekeza ukisome kwa macho ya mtu anayesoma mkataba wa ajira yake. Kinakutaka udumishe mawasiliano ya karibu na wapiga kura, uwasilishe maoni yao bungeni, uhudhurie vikao na kamati, na, jambo ambalo wawakilishi wengi hawajui kwamba limeandikwa, uchangie ujuzi wako wa kitaaluma katika mambo yanayojadiliwa. Wewe utakuwa mmoja wa wachache walioajiriwa na sheria yenyewe kwa ajili ya taaluma yao. Bunge la Nairobi lina wawakilishi 85 waliochaguliwa kutoka maeneo bunge 17, pamoja na walioteuliwa, na katika umati huo mwenye uwezo wa kuusoma mswada kifungu kwa kifungu bila kusinzia ni mali adimu.

Nitakupa mfano mmoja wa ukubwa wa kiganja. Kamati yetu iliwahi kuletewa mswada uliohusu vibali vya biashara ndogondogo. Ilikuwa karibu saa saba, chakula kilikuwa kimeanza kunukia kutoka chumba cha pili, na mwenyekiti alitaka tumalize. Katika kifungu kimoja palikuwa na neno dogo la kuunganisha, "na" mahali palipopaswa kuwa "au", na kwa sababu ya neno hilo mama wa chapati aliye kando ya barabara angehitaji vibali vitatu kwa pamoja badala ya kimoja kati ya vitatu. Niliomba kifungu kisomwe kwa sauti. Kilisomwa, wenzangu wakakunja nyuso, karani akarekebisha, tukaenda kula. Shughuli yote ilichukua kama dakika sita. Hakuna mama wa chapati hata mmoja katika jiji hili anayejua kwamba jambo hilo lilitokea, na hakuna kura niliyoipata kwa sababu yake. Hata hivyo, nikiulizwa nilifanya nini katika miaka minne na ushei, jibu linalonijia kwanza ni lile "au", kabla hata ya barabara yoyote niliyopigwa picha nikiizindua.

Jifunze pia kalenda ya bajeti kuliko unavyojua kalenda ya mahakama. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, makadirio kufikia tarehe 30 Aprili, na yote huidhinishwa kabla ya mwaka wa fedha kwisha tarehe 30 Juni. Mwakilishi anayeanza kupiga kelele mwezi Mei amechelewa kwa miezi minane, kwa maana mtaro ambao haukuingia katika mpango wa Septemba hupata taabu sana kuingia katika makadirio ya Aprili. Hapa ndipo wakili, aliyezoea kwamba siku ya mwisho ya kuwasilisha ni siku ya mwisho kweli, humshinda mwenye malori.

Kifungu hicho hicho cha 9, hata hivyo, kina aya ya pili, inayokukataza kujihusisha moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka na kazi za utekelezaji za serikali ya kaunti, au kutoa huduma kana kwamba wewe ni mfanyakazi wake. Wananchi wataamini kwamba fedha za maendeleo ya wadi ziko mfukoni mwako na kwamba basari ni zawadi yako. Baadhi ya wenzako watawaacha waamini hivyo, maana imani hiyo ina kura. Wewe ukiiacha iendelee, siku mkandarasi atakapokimbia na kazi ikiwa nusu, hutakuwa na pa kujificha.

Sasa nifike kwenye swali lako la kwanza, ambalo nimelichelewesha kwa makusudi. Mwakilishi wadi ni afisa wa serikali kwa tafsiri ya Katiba, na kifungu cha 77 kinamkataza afisa wa serikali wa muda wote kushiriki ajira nyingine yenye malipo. Ukisoma hapo ukakoma, utafunga ofisi kesho. Lakini Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012, katika kifungu cha 26, iliifafanua ajira hiyo kuwa ni kazi ya malipo ambayo kwa asili yake haipatani na majukumu ya wadhifa, au inayodhoofisha uamuzi wa afisa, au inayoleta mgongano wa maslahi. Kwa msingi wa tafsiri hiyo umewaona maseneta na wabunge mawakili wakisimama mahakamani. Kwa hiyo uwakili wenyewe haujapigwa marufuku kwako. Lililopigwa marufuku ni uwakili unaogongana na kiti. Na kwa wakili wa mtaani mgongano uko karibu kuliko ulivyo kwa seneta. Mteja wako anayetaka kibali cha kubadilisha matumizi ya ploti kutoka makazi hadi biashara anahitaji uamuzi wa kaunti. Mwenye kibanda kilichobomolewa anataka kuishtaki kaunti. Mwenye nyumba anapinga viwango vipya vya kodi ya ardhi ambavyo wewe mwenyewe ulivipigia kura. Mashauri ya namna hii hayafai kubaki na wewe, wala kuhamishiwa kwa mwenzako huku ukila nusu ya ada kimyakimya.

Zaidi ya hapo kuna suala la siku za juma, ambalo ni la kawaida sana hata mtu hulisahau. Bunge hukutana katikati ya juma, na mahakama za Makadara na Milimani nazo husikiliza kesi katikati ya juma. Kifungu cha 194 cha Katiba kinasema kwamba mwakilishi anayekosa vikao vinane bila ruhusa ya maandishi ya Spika, na bila maelezo ya kuridhisha, hupoteza kiti. Hakimu naye hatakuwa na subira nawe kwa sababu tu unaitwa mheshimiwa; nimewahi kuambiwa mbele ya wateja wangu kwamba mahakama haina kumbukumbu ya kuwa bunge. Ushauri wangu ni kwamba uachane na kesi za kusimama mahakamani, ubaki na mirathi na mikataba inayoweza kufanywa jioni na Jumamosi, na faili zote zinazosalia uzikabidhi kwa mshirika kwa barua iliyotiwa saini na kila mteja. Usisubiri ushinde ndipo uzikabidhi. Zikabidhi unapoanza kampeni, kwani katika miezi hiyo hutakuwepo vilevile.

Cheti chako cha kuendesha uwakili kihuishe kila Januari bila kukosa. Wapo wanaokiacha kipitwe na wakati wakiwa bungeni kisha wanaendelea kutia saini mikataba. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliamua, katika shauri la benki moja na kampuni ya maghala, kwamba hati haibatiliki kwa sababu tu iliandaliwa na wakili asiye na cheti cha mwaka huo, na uamuzi huo ulimkinga mteja asiye na hatia. Haukumkinga wakili. Adhabu zake ziko pale pale, na mpinzani wako wa kisiasa ana muda wa kutosha wa kupekua orodha ya Chama cha Mawakili.

Lile benchi la Jumamosi, usidhani litapungua. Litaongezeka mara tatu na litahamia nyumbani kwako. Atakuja kijana ambaye pikipiki yake imezuiliwa, mjane mwenye barua ya karo, kamati ya matanga yenye daftari la michango, na katikati yao, akiwa amekaa kimya, mzee mwenye mfuko wa karatasi. Wale wa kwanza watapaza sauti, na kwa sababu hiyo utawahudumia. Yule mzee ataona una shughuli, ataondoka, na hatarudi. Mimi niliwapoteza watu wangu kwa namna hiyo, mmoja baada ya mwingine, bila ugomvi, na mwaka 2017 nilipowahesabu katika mchujo nikakuta wengi wao hata hawakujitokeza kunipinga. Walibaki nyumbani tu. Kama ningepewa nafasi ya kurudia, ningeitenga Jumamosi moja kwa mwezi, mlango wa ofisi, benchi lile lile, bila mpiga picha na bila mtu wa itifaki, kwa ajili ya makaratasi pekee.

Ukishindwa, au ukishinda na ukapingwa, utafurahi kwamba ni wakili. Malalamiko ya uchaguzi wa mwakilishi wadi husikizwa na hakimu, huwasilishwa ndani ya siku 28 tangu kutangazwa kwa matokeo, huamuliwa ndani ya miezi sita, na mlalamishi huweka dhamana ya shilingi 100,000. Rufaa huenda Mahakama Kuu kwa hoja za kisheria peke yake. Usijiwakilishe. Wakili anayejitetea katika kesi ya kiti chake huuliza maswali kwa hasira, na mashahidi huiona. Na kama moyo wako uko kwenye utungaji wa sheria kuliko kwenye mikutano ya hadhara, fahamu kwamba Spika wa bunge la kaunti huchaguliwa kutoka kwa watu wasio wawakilishi, na kwamba kila kaunti ina ofisi ya mwanasheria wake, iliyopewa msingi na sheria ya mwaka 2020. Hizo ni kazi ambazo wakili mzoefu anaweza kuzifikia bila kugawa fulana hata moja, ijapokuwa siasa haikosekani huko pia.

Kuhusu mkeo: mwoneshe hesabu za ofisi kabla ya kumwonesha hotuba. Ukimwambia nani atatia saini hundi, nani atakwenda Makadara Jumatano, na kodi ya ofisi imelipwa hadi lini, nadhani methali yake ataipunguza makali.

Bango libaki. Ni bango la ofisi ya uwakili, lina jina lako na kazi yako, na kanuni za mawakili kuhusu kujitangaza zinaliruhusu likiwa la heshima na la kweli. Usilipake rangi za chama, usibandike picha yako ya kampeni kwenye mlango huo wala kwenye ngazi za kupandia, na kadi zako za uwakili zisigawiwe kwenye mikutano ya siasa. Ipangie kamati yako ya kampeni duka mahali pengine, hata kama ni kibanda cha mabati upande wa pili wa barabara. Na umwombe mwenye duka la dawa hapo chini akupigie simu akiona mtu anabandika chochote usiku, kwa sababu vijana wako wenyewe ndio watakaokuwa wa kwanza kufanya hivyo, tena kwa nia njema.